Walifuta Neno "Mfanyakazi": Historia ya Dispensari ya Ocha

Wiki jana niliwauliza mabeshte wangu swali dogo: dispensari ya kwenu ocha ina wafanyakazi wangapi? Majibu yalikuja haraka. Wawili. Sista mmoja na soja. Sista, soja na yule jamaa wa maabara anayekuja Jumanne peke yake. Mmoja akasema kwao wako watatu lakini mmoja ako likizo tangu Machi. Hakuna hata mtu mmoja aliyemhesabu yule mama anayepita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, akiuliza nani anakohoa, nani ni mjamzito, na mtoto wa nani hajamaliza chanjo.

Mimi nina sababu ya kumhesabu. Mmoja wao ni anti yangu, mdogo wa mamangu. Anahudumia nyumba kama mia moja hivi huko kwetu, na tangu aanze hiyo kazi amekuwa na majina matatu. Mwanzo aliitwa CHW, na hiyo herufi ya mwisho ilisimamia mfanyakazi. Baadaye akawa CHV, na V ni ya mtu wa kujitolea. Siku hizi ni CHP, ambayo kwa Kiswahili cha serikali ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Kazi ni ile ile. Vijia ni vile vile, mbwa wa majirani ni wale wale. Neno ndilo limebadilika, na ukiniuliza mimi, lile la kwanza halikupotea kwa bahati mbaya. Mfanyakazi anadai mshahara. Mtu wa kujitolea unampigia makofi kwa baraza ya chifu, unampa fulana, mambo yameisha.

Sasa, kama unadhani hii ni stori ya serikali moja au ya rais mmoja, wacha nikurudishe nyuma, manake hii tabia ina umri kuliko shosh yangu.

Tuanzie ukoloni. Huduma ya afya ya serikali ilianza kwa ajili ya wazungu, askari na maofisa, mjini. Kijijini kulikuwa na wakunga, waganga, na kama una bahati, wamisheni. Miaka ya 1920 ndiyo serikali ilianza kufika mashinani kwa nguvu kidogo, na kilichofungua mlango ni ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuuona: buba. Vidonda vya ngozi, vinakula mtu hadi mifupa. Dawa yake ilikuwa sindano, na ilikuwa inafanya kazi haraka kiasi kwamba watu walimiminika kwa foleni. Ukishangaa kwa nini hadi leo mzee akienda hospitali bila kudungwa anaona kama hajatibiwa, mizizi yake iko hapo.

Lakini nani alikuwa anadunga? Madaktari walikuwa wachache sana. Kazi ya kila siku ilifanywa na Waafrika waliofunzwa muda mfupi, walioitwa madresa, kwa sababu kazi yao ya kwanza ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda. Dresa mmoja, kibanda kimoja, chupa kadhaa za dawa, na lokesheni nzima inamtegemea. Watu walimwita daktari. Serikali haikumlipa kama daktari.

Na pesa ya hivyo vibanda ilitoka wapi? Hapa ndipo huwa nakasirika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali iliunda mabaraza ya Waafrika, Local Native Councils, na kuyapa ruhusa ya kutoza watu ada yake. Dispensari nyingi za kijijini zilijengwa na kuendeshwa kwa hiyo ada. Kumbuka watu hao hao tayari walikuwa wanalipa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa kwa serikali ya kikoloni. Yaani umelipa kodi, halafu ukitaka dispensari, unalipa tena. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya dispensari ya ocha, na imekuwa ikijirudia kwa nguo tofauti.

Uhuru ukaja 1963. Maadui watatu tuliimbishwa wote shuleni: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta ilifuta ada ya shilingi 5 ambayo mgonjwa wa kuingia na kutoka alikuwa analipa kwa vituo vya serikali. Matibabu bure. Pewa sifa zako, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Shida ni kwamba vituo vyenyewe vilikuwa vichache na mbali, na ndipo harambee ikaingia.

Mpango wa harambee ulikuwa hivi: nyinyi wananchi jengeni, sisi tutaleta wafanyakazi na dawa. Shosh yangu alikuwa kwenye hiyo kazi. Ananiambia wanaume walichimba msingi na kujenga, na wanawake walibeba maji na mchanga kutoka mtoni, asubuhi kabla ya shamba. Pia kila boma lilitoa kuku au pesa. Hakuna mtu aliyeandika saa ngapi wanawake walifanya kazi, kwa hivyo kwa vitabu vya serikali hizo saa hazipo. Jiwe la msingi liko, lina jina la mkubwa aliyekuja kufungua, na siku ya kufungua alikuja akiwa amechelewa, hiyo shosh hajasahau.

Wananchi walitimiza upande wao vizuri kupita kiasi. Majengo ya harambee yaliota kila mahali, mengine kwa sababu ya hitaji, mengine kwa sababu mwanasiasa alitaka kura, na serikali ikashindwa kuyajaza. Mengi yalikaa bila nesi, bila dawa. Mwaka 1970 serikali kuu ilichukua vituo vya mashinani kutoka kwa mabaraza ya kaunti za wakati ule, kwa sababu mabaraza yalikuwa yamefilisika. Weka hiyo kwa akili. Mwaka 2013 tulivirudisha kwa kaunti na tukaita mapinduzi.

Lakini miaka hiyo ya 1970 kuna kitu kizuri kilianza, na sielewi kwa nini hatufunzwi shuleni. Kuna daktari anaitwa Miriam Were. Alikuwa mwalimu kwanza, kisha akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, na katikati ya hayo yote akaandika riwaya. (Kama mamako alisoma sekondari miaka ya zamani, muulize kuhusu The Eighth Wife.) Yeye na wenzake walianzisha mradi wa majaribio Kakamega, na wazo lao lilikuwa rahisi hadi linaonekana la kichokozi: badala ya kungoja watu wagonjeke waje dispensari, mbona wanakijiji wasikae chini, waseme wenyewe ni nini kinawagonjesha, halafu wachague mtu wao, jirani yao, afunzwe na awe akitembelea nyumba? Choo, maji safi, chanjo, lishe. Vitu ambavyo havihitaji daktari kuwa karibu.

Mwaka 1978 dunia nzima ilikutana Alma-Ata, huko Kazakhstan, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Nchi 134 zilikubaliana kwamba afya ya msingi, ile ya mashinani, ndiyo njia, na kwamba kila mtu awe na afya ifikapo mwaka 2000. Hiyo 2000 ilifika na kupita. Lakini ukisoma vile walivyokubaliana Alma-Ata, inafanana sana na kile watu wa Kakamega walikuwa tayari wanajaribu kwa miguu yao. Mwaka 2008 serikali ya Japani ilimpa Miriam Were Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kabisa hiyo tuzo kutolewa. Mkenya. Na bado ukiuliza kijana wa Nairobi Miriam Were ni nani, utaambiwa labda ni mbunge.

Mradi mwingine ulikuwa Saradidi, Asembo, kule Siaya. Daktari Dan Kaseje na kanisa la huko na wanakijiji. Malaria ilikuwa inamaliza watoto, na dispensari iko mbali, na usiku homa haingoji kukuche. Kwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasaidizi wa afya waliochaguliwa na vijiji vyao walipewa klorokwini waweke nyumbani na kuwagawia majirani. Kwa Kijaluo waliitwa nyamrerwa, jina lile lile la mkunga. Mimi napenda hilo jina kuliko CHP, kusema ukweli. Linakuambia huyu si mgeni aliyetumwa na ofisi, ni yule yule aliyekuwa akiitwa usiku kabla serikali haijagundua kwamba yuko.

Na sasa nifike kwenye sehemu ngumu, kwa sababu sitaki kuifanya hii stori iwe ya malaika na mashetani. Watu wa Kakamega na Saradidi hawakuwa wanyonyaji. Waliamini kabisa kwamba mtu akichaguliwa na kijiji, na kijiji kikamtunza kwa njia yake, atawajibika kwa kijiji. Ukimlipa kutoka Nairobi, ataanza kuangalia Nairobi. Kuna ukweli hapo. Nimeona vile ofisi inaweza kumgeuza mtu mzuri kuwa mjazaji wa fomu. Lakini kijiji chenyewe kilikuwa na nini cha kumtunza naye? Msimu mbaya ukija, nani atalima shamba la nyamrerwa akiwa kwa nyumba ya mgonjwa? Kujitolea siku moja kwa wiki ni kitu kimoja. Miaka kumi ni kitu kingine, na wengi wa hao wanaojitolea ni wanawake ambao tayari nyumbani wanafanya kazi nyingine yote ambayo pia hailipwi.

Halafu miaka ya 1980 ikaisha vibaya. Serikali haina pesa, wakopeshaji wa nje wanasema punguza matumizi. Desemba 1989 ada zikarudi kwa hospitali za serikali na vituo vya afya, kwa jina la kupendeza kabisa: kuchangia gharama. Watu waliacha kuja, wengi, ghafla. Septemba 1990 serikali ikasimamisha ada ya kuonwa na daktari, halafu ikaanza kurudisha ada tena pole pole kuanzia 1992. Wakati huo huo kuajiri kukabanwa. Chuo kinatoa manesi, serikali haiwachukui, na dispensari ya kijiji ina kitanda bila mtu wa kukitandika.

Na hapo ndipo UKIMWI ulitukuta.

Wengi wetu tulizaliwa ARV zikiwa zipo, kwa hivyo hatujui ilikuwaje. Anti yangu anajua, kwa sababu ndipo alipoanzia, kabla hajakuwa na herufi yoyote baada ya jina lake. Hospitali zilijaa, wawili kwa kitanda kimoja, na mgonjwa akizidiwa walimwambia aende nyumbani. Nyumbani kulikuwa na nani? Mama mzee, au mtoto wa miaka kumi na miwili. Makanisa na vikundi vya akina mama vikaanza kupanga zamu. Kumwosha mgonjwa, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kumlisha uji, kufua shuka. Glavu zilikuwa za kuhesabu, kwa hivyo wakati mwingine walivaa mifuko ya plastiki mikononi. Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kwa kijiji chetu, anti anasema, tangazo lilifika wakati tayari walikuwa wamezika watu wa boma tatu zinazofuatana.

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewalipa. Akaniangalia kama nimemuuliza kitu cha aibu. Akasema kuna shirika lilikuja likawapa sabuni na baiskeli moja ya kikundi. Baiskeli iliibiwa.

Naleta hii kwa sababu watu wakiongea kuhusu ujasiri wa wahudumu wa afya Kenya huwa tunaonyeshwa picha za hospitali kubwa. Sawa, ni haki yao. Lakini kwa miaka kama kumi, kabla dawa kuanza kupatikana kwa wingi, wodi kubwa zaidi ya UKIMWI nchini ilikuwa vyumba vya kulala vya watu, na manesi wake walikuwa majirani.

Mwaka 2004 serikali ya Kibaki ilipunguza ada: shilingi 10 kwa dispensari, 20 kwa kituo cha afya. Ndio maana kuna kuta ocha bado zina hiyo maandishi ya rangi, 10/20, na vijana wanadhani ni alama ya mpira. Halafu 2006 ikaja Mkakati wa Afya ya Jamii, na kwa mara ya kwanza serikali ilisema rasmi kwamba ngazi ya kwanza ya mfumo wa afya ni nyumba yako, na dispensari ni ngazi ya pili. Kila watu 5,000 wawe kikundi kimoja, kila CHW awe na nyumba 20, na maafisa wawili wanaolipwa na serikali wawasimamie. Hiyo W ilikuwa hapo, mfanyakazi, kwa karatasi ya serikali. Mshahara haukuwa hapo.

Kwa makaratasi ya huo mkakati kuna kitu mimi nakipenda bila aibu: ubao. CHW alikuwa na daftari la nyumba zake, fomu MOH 513, na daftari la kazi, MOH 514. Msimamizi anajumlisha kwa MOH 515. Halafu kuna MOH 516, ambayo ni ubao mweusi unaowekwa mahali pa wazi ili kijiji kisome habari zake chenyewe. Wajawazito wangapi. Watoto wangapi wamechanjwa. Nyumba ngapi zina choo. Waliofariki wangapi. Kila miezi mitatu kunakuwa na siku ya mazungumzo, wananchi wanakaa mbele ya hizo namba na kuulizana kwa nini ziko hivyo, na kila mwezi siku ya kazi: kuchimba vyoo, kusafisha chemchemi, chochote walichokubaliana.

Fikiria hiyo kidogo. Serikali inayotuficha kila kitu, kwa kona moja ya mfumo wake, iliagiza takwimu za kijiji ziandikwe kwa chaki ukutani. Baadaye kukawa hata na ubao wa pesa, wakati mfuko unaoitwa HSSF ulianza kutuma hela moja kwa moja kwa akaunti ya dispensari na kamati ya wananchi ikawa inapanga matumizi. Kamati hiyo ndiyo ilikuwa ikilipa soja, mama wa kusafisha, na karani, watu ambao serikali haikuwaajiri. Mzee wa kijiji angeweza kusimama na kuuliza mbona hela ya kukata nyasi imelipwa na nyasi iko magotini. Si kila mahali ilifanya kazi. Mahali pengine kamati ilikuwa shemeji na binamu za mwenyekiti. Lakini swali liliweza kuulizwa, kwa sababu namba ilikuwa ukutani.

Juni 2013 ada zote za dispensari na vituo vya afya zikafutwa, na kujifungua kukawa bure kwa vituo vya umma. Agosti mwaka huo huo afya ikaenda kwa kaunti 47. Mambo mawili makubwa ndani ya miezi mitatu. Pesa zikaanza kupitia makao makuu ya kaunti, na dispensari nyingi zikapoteza ile nafasi ya kupanga hela zao. Ubao wa chaki ukabaki, wakati mwingine na namba za mwaka juzi.

Na W ikawa V. Mkakati ulipoandikwa upya, nyumba za kila mtu zikapanda kutoka 20 hadi 100 hivi, na yule aliyekuwa mfanyakazi akawa mtu wa kujitolea. Yaani kazi mara tano, cheo chini. Kama bosi wako angekufanyia hivyo ungemwanika mtandaoni kabla ya chakula cha mchana.

Halafu angalia 2017. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi. Manesi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Walikuwa na haki yao, mimi sipingi, na walikuwa na kitu cha kugoma nacho: wakiondoka, mlango unafungwa na nchi inaona. Anti yangu hakuweza kugoma. Agome kutoka kazi gani? Dispensari ilipofungwa, watu walikuja kwake usiku, na alichokuwa nacho ni dawa za kuharisha za watoto na kipimo cha malaria. Mjamzito mmoja akampeleka na boda kwa hospitali ya misheni, akalipa boda kwa pesa yake. Hiyo haikuandikwa kwa MOH yoyote.

Sasa tufike leo. Tarehe 25 Septemba 2023, Uhuru Park, Rais Ruto aliwazindua wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000 na mabegi yao: mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kujaza taarifa. Nitasema wazi, hiyo ni hatua. Anti alipima presha ya babu mmoja hapo jirani, mtu aliyekuwa akisema ana uchovu wa uzee, ikawa juu vibaya, leo ako kwa dawa. Oktoba mwaka huo zikapitishwa sheria nne za afya, moja ikiwa ya afya ya msingi, na wahamasishaji wakatajwa ndani ya sheria. Na kwa mara ya kwanza kukawa na malipo ya nchi nzima: shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti.

Fanya hesabu na mimi. 5,000 kwa nyumba 100 ni shilingi 50 kwa kila nyumba, kwa mwezi mzima. Hata mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa kisheria kwa kibarua wa shamba uko juu ya hiyo 5,000. Ndio maana haiitwi mshahara, inaitwa posho. Neno lingine hilo la kuangalia.

Najua upande wa pili utasema nini, na una haki ya kusikizwa. Watu 100,000 mara 5,000 ni milioni 500 kila mwezi, bilioni 6 kwa mwaka. Ukiwaajiri wote kama wafanyakazi kamili, hiyo namba inaruka mara kadhaa, na nchi hii hata wale ambao tayari imewaajiri inawasumbua: wahudumu walioletwa kwa kandarasi 2020, wakati wa korona, walikaa nje ya Afya House kwa miezi mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu. Pia 2025 ndiyo mwaka Marekani ilifunga bomba la misaada, na kliniki za HIV zikapoteza watu ndani ya wiki chache. Pesa ni shida ya kweli. Lakini mbona hii shida ya pesa kila mara inapata suluhisho kwa mgongo wa mtu mmoja? Wakati wa mabaraza ya mkoloni alilipa kodi mara mbili. Wakati wa harambee alibeba maji. Wakati wa UKIMWI aliosha wagonjwa kwa mikono yenye mifuko ya plastiki. Leo anajaza takwimu ambazo wizara inazitumia kupanga bajeti, na SHA ilipoanza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, ni yeye pia aliyetumwa nyumba kwa nyumba kuwasajili watu.

Na sehemu ya kaunti ya hiyo posho, kwetu, huchelewa. Anti akiniambia amepokea, huwa namuuliza ya mwezi gani.

Taarifa siku hizi zinaingia kwa simu, zinaenda moja kwa moja juu. Ni haraka, ni safi, hazifutwi na mvua. Nilipokuwa huko Aprili nilimuuliza ubao uko wapi. Ulikuwa stoo, nyuma ya mabati, bado una maandishi ya chaki ambayo nusu yake haisomeki. Siku ya mazungumzo bado wanaifanya, lakini sasa namba ziko kwa skrini yake ya inchi sita na watu zaidi ya arobaini hawawezi kuisoma kwa zamu, kwa hivyo anawasomea, nao wanamwamini tu.

Nikamuuliza pia, kati ya CHW, CHV na CHP, yeye anapenda lipi. Akasema kijijini hakuna anayemwita yoyote kati ya hayo. Wanamwita daktari, vile walivyomwita dresa, na wakikosa airtime wanamfuata mpaka shambani. Halafu simu yake ikaita, kuna mtoto wa boma la chini alikuwa na degedege, akachukua begi na kuniambia nimwangalilie sufuria ya maharagwe isikauke.